Nasaba ya Zumaridi

Mafuta ya nazi yakichanganywa na mafuta ya taa hutoa harufu ambayo siivumilii hata leo. Ikinipitia puani, papo hapo naiona sebule ya chini ya nyumba ya Ami Swaleh kule Kibokoni, na baiskeli zake zimepangwa ukutani toka mlangoni mpaka chini ya ngazi, zote zimepakwa mchanganyiko huo mpaka zinang'aa gizani. Mimi na mama tulikaa ghorofa ya juu. Ili ufike kwetu ilikubidi upite upande upande, umekusanya nguo, usije ukagusa kengele ya hata moja. Ukigusa, Ami angekusikia popote alipo, hata bafuni, na angepaza sauti kukuuliza una ugomvi gani na Malaika, au na Sultana, maana kila baiskeli ilikuwa na jina lake na kila kengele na mlio wake. Wageni walicheka wakimsikia. Sisi wa nyumbani hatukucheka. Tulikuwa tumezoea kwamba baiskeli ndizo zenye nyumba na sisi ni wapangaji.

Ami Swaleh alikuwa kaka wa baba yangu, mrefu, mwenye sauti nzuri na ndevu zilizochongwa kama za bwana harusi, na katika miaka hiyo ya tisini hakuwa peke yake katika wazimu ule. Mji wa Kale ulikuwa na wanaume wazima, wenye wake na wajukuu, waliokusanya baiskeli kongwe jinsi wake zao walivyokusanya dhahabu. Mzee Bakari, fundi cherehani wa mtaani kwetu, alikuwa nazo mpaka chumba cha kulala, na mkewe alisema waziwazi kwamba siku moja ataamka akute yeye ndiye aliyeegemezwa ukutani na baiskeli imelazwa kitandani. Bwana Omari alizileta zake kutoka Buxton. Walitafuta vipuri kila pembe, hata jaani Kibarani, na aliyepata taa ya zamani ya dainamo aliwaficha wenzake mpaka siku ya siku. Kisha ikifika Idi pili, baada ya sala ya alasiri, walizitoa zote uwanjani nyuma ya nyumba yetu, zimepambwa kwa utepe na asumini, kila mtu amevaa kanzu mpya na kofia ya kudarizi, wakajishaua mbele ya watu mpaka magharibi.

Jambo lililongojwa zaidi siku hiyo lilikuwa kusoma nasaba. Watu wa kwetu hupenda kujua mtu ametoka wapi, nani kamzaa nani, na wazee wale waliona kwamba baiskeli nazo zinastahili heshima hiyo hiyo. Mwenye baiskeli alisimama, akaweka mkono juu ya kiti chake, akaitaja mikono yote iliyoishika: nani aliishusha melini, nani aliinunua, nani alimpa nani, mpaka kumfikia aliyenayo sasa. Kumkatiza msomaji kulikuwa utovu wa adabu ambao hata walevi wa mjini hawakuuthubutu. Akimaliza aliwauliza watu, "Mwasemaje, jamaa?" nao wakamjibu kwa sauti moja, "Ni kweli!" Hapo wenye baiskeli wote walipiga kengele zao kwa pamoja, kelele mtindo mmoja, na mambo yakawa yamekwisha. Hapakuwa na karatasi wala sahihi. Jibu lile ndilo lililokuwa hati, na likishatamkwa hakuna aliyelipinga tena.

Kati ya baiskeli zilizokaa sebuleni mle, moja haikuwa ya Ami. Ilikuwa ya kijani kilichokoza, na baba ndiye aliyeiita Zumaridi. Babu alimpa siku alipooa, naye akaiendesha kila siku ya kazi mpaka Kilindini, alikokuwa karani bandarini pamoja na Bwana Omari, suruali kaibana kwa kibanio cha nguo isiliwe na mnyororo. Jioni nilimngoja mlangoni. Alinipandisha juu ya mto mdogo alioushona mama na kuufunga kwenye bomba la mbele, tukaizunguka Ndia Kuu na kurudi, kidevu chake kikinigusa utosini, na kila palipokuwa na shimo alisema, "Shika, binti Athmani!" hata kama nimeshashika. Alifariki kwa maradhi ya figo kabla sijaanza shule. Siku ya kuondoa matanga, Ami Swaleh alisimama mbele ya wanaume wote, macho yamemwiva kwa kulia, akasema kwamba fungu lake la urithi halitaki, baiskeli ya ndugu yake ni ya mwanawe Rukia, na yeye ataitunza tu mpaka miguu yangu ifike kwenye pedeli. Mzee Bakari alikuwapo. Bwana Omari alikuwapo. Wote walimwombea dua kwa wema wake.

Mwaka ninaousimulia, miguu ilifika. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, nami nilikuwa na miaka tisa hivi, nafunga kwa kujikaza. Kila alasiri, viazi vya karai vikinukia huko nje na njaa ikinikaba, nilishuka sebuleni na limau, majivu na kitambaa, nikaisugua Zumaridi spoku kwa spoku. Ami alinipa mchanganyiko wake wa mafuta akanifunza kuupaka. "Polepole, mwanangu. Baiskeli haitaki pupa. Waiona? Ishaanza kukucheka." Siku moja alinipandisha kitini, akaishika kwa nyuma, nikanyoosha mguu mpaka vidole vikaigusa pedeli. Alifurahi kuliko mimi, akamwita mama ashuke aone. "Idi hii," akaniambia, "jina la mwisho kwenye nasaba ni lako. Ntalisoma mimi, kwa sauti yangu. Rukia binti Athmani." Basi nasaba yote niliihifadhi, nikawa naiimba jikoni nikimkunia mama nazi: Zumaridi ilishushwa melini na baharia, baharia akamuuzia Karimu wa vitambaa, Karimu akamuuzia babu yangu Shee, babu akampa baba, baba akaniachia mimi. Wenzangu wa chuoni, tulikosomea Kurani, nao niliwaambia wote, na wale walionichukia niliwaambia zaidi. Mama akanishonea gauni la kijani.

Kumi la mwisho la mfungo likaingia, na pamoja nalo mgeni kutoka Unguja, Bwana Nassor, tajiri mpole asiyeachana na tasbihi yake. Alikuja na baiskeli ambayo wazee wa Mji wa Kale walikuwa wakiisikia tu: baiskeli isiyo na mnyororo. Gurudumu la nyuma lilizungushwa na chuma kilichofichwa ndani ya bomba, hivyo ukiitazama ikienda huoni kinachoiendesha. Ami alipoiona alichuchumaa na kanzu yake safi, akalipapasa bomba lile mpaka adhana ikamkuta hapo. Bwana Nassor hakuwa akiuza. Alikuwa tayari kubadilishana, na jicho lake lilikuwa limeiangukia Zumaridi. Wakati wa futari nilikuwa nawapelekea kaimati nilipomsikia akisema, "Lakini mimi nataka nasaba safi, Bwana Swaleh. Kitu cha marehemu mwenye watoto wadogo sikigusi. Mali ya yatima naiogopa." Ami akaitikia, "Kabisa, kabisa." Nilimpenda mgeni yule palepale. Yatima ndiye mimi, basi nikajua kwamba Zumaridi yangu iko salama mikononi mwa mtu mcha Mungu. Nikamwongezea kaimati.

Siku ya Idi pili uwanja ulifurika. Wanawake walikuwa juu madirishani, mama miongoni mwao, na sisi watoto tulikaa mbele kabisa, mchangani. Ami alisoma nasaba ya Malaika, akasoma ya Sultana, watu wakaitikia na kengele zikalia. Kisha akaileta Zumaridi, usukani umezungushiwa asumini nilizozitunga mwenyewe asubuhi ile. Nilisimama nikajinyoosha gauni, kwa kuwa nilijua jina langu likitajwa watu watageuka kunitazama. Hapo nikaona kwamba ule mto mdogo haupo kwenye bomba. Nilikuwa nimeufua na kuurudisha mahali pake kwa mkono wangu. Ami akaweka mkono juu ya kiti, akasoma: "Zumaridi ilishushwa melini na baharia. Baharia akamuuzia Karimu wa vitambaa. Karimu akamuuzia babangu, Shee. Na babangu akanipa mimi, Swaleh, kwa mkono wake." Akawatazama watu bila kupepesa. "Mwasemaje, jamaa?"

Nilimtazama Mzee Bakari, naye akawa anakichunguza kiatu chake kana kwamba kimeingia mdudu. Nilimtazama Bwana Omari, aliyekwenda na baba kazini kila asubuhi, gurudumu kwa gurudumu mpaka Kilindini, akajikohoza. Kila mwanamume pale, isipokuwa mgeni, alijua. Walikuwa wamemwona baba juu ya baiskeli ile kwa miaka, walikuwa wamemzika, walikuwa wamekula ubwabwa wa matanga yake. Nilingoja mmoja wao afungue kinywa. Sauti moja ikaanza, sijui ya nani, na nyingine zote zikaifuata: "Ni kweli!" Midomo ya Mzee Bakari ilicheza nayo, niliiona. Nikapiga kelele, "Na baba je?" Nilipiga kelele hasa, koo liliniuma mpaka kesho yake, lakini kengele zilikuwa zimeshaanza na sauti yangu ilimezwa humo. Bwana Nassor, maskini, alimpa Ami mkono kwa furaha, akaushika usukani wenye asumini zangu, na alipokuwa akipita mbele yangu akanipapasa kichwa. "Mashaallah," alisema, "gauni lako limelingana na baiskeli."

Nilipofika juu, mama alikuwa ameshalifunga dirisha. Nikamuuliza kama amesikia, akasema amesikia.

"Basi waambie! Wewe wajua!"

"Nyamaa, mwanangu, nyamaa. Twakaa nyumbani kwake, twala kwake. Nikishasema, twende wapi?"

Nililia mpaka akachoka kunibembeleza, na pengine ni kwa kuchoka huko kwamba alilifungua sanduku lake la nguo akanitolea kile alichodhani kitanituliza. Ulikuwa ule mto. Ami alikuwa amempa auweke tangu alfajiri. Yaani mama alinisuka nywele, akanipaka wanja, akanivisha gauni la kijani na kuniambia nimependeza, na mto u sandukuni mwake. Nimekuwa mtu mzima, nimejua ujane ni nini na nyumba ya shemeji ni nini, na mama nimemsamehe mara nyingi, hata kaburini kwake nimemwambia. Lakini mpaka leo mtu akinisifia nguo huanza kwanza kujiuliza ananificha nini.

Ningependa kuwaambia kwamba ile baiskeli isiyo na mnyororo ilimharibikia Ami njiani, au kwamba watu walimtenga. Hakuna lililotokea. Ilikwenda laini miaka na miaka, kila Idi ikashangiliwa, na Ami akawa bingwa wa mabingwa. Mimi alininunulia baiskeli ndogo nyekundu ya Kichina, mpya, na mtaa mzima ukamsifu kwa kulea mwana wa nduguye. Sikuipanda hata siku moja. Ilipata kutu chini ya ngazi, na nilipokuwa nikipita pale kwenda juu nilikuwa naigusa kengele yake makusudi, ili alipo anisikie.

Siku hizi naona vijana alfajiri wakivuka daraja kwenda Nyali juu ya baiskeli nyepesi ambazo mtu huziinua kwa kidole, wamevaa kofia ngumu na nguo za kubana. Nao hujishaua, tena kuliko wazee wetu, ila wao hujishaua kwa simu. Mwanangu ni mmoja wao. Baiskeli yake ina risiti, ina namba iliyochongwa kwenye fremu, ina picha zake yeye akiipanda tangu siku ya kwanza. Mtu akitaka kuidai atatoka jasho. Nikiziona picha zile huona raha ambayo yeye haijui. Picha ya baba juu ya Zumaridi haipo hata moja. Vilivyokuwapo ni vinywa vya watu waliomjua, na wengi wao sasa wako chini ya ardhi.

Ami Swaleh yuko hai, amezeeka sana. Wanawe wako Uarabuni, kwa hiyo ni mimi ninayempelekea uji. Baiskeli zimeuzwa zote, sebule ni tupu, na akili yake inamtoka kidogo kidogo: rakaa zinamchanganya, na mimi huniita kwa jina la mama. Ila nasaba hajaisahau hata moja. Idi iliyopita mwanangu alikaa miguuni pake akamwomba amsomee, na mzee akaanza moja baada ya moja kwa sauti ambayo bado ni nzuri, mpaka akafika kwa Zumaridi. Baharia, Karimu, Shee. "Na babangu akanipa mimi, Swaleh, kwa mkono wake."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. "Athmani," nikasema. "Babu alimpa Athmani."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikatizwa. Aligeuka akanitazama, macho yana ukungu, sikuona ndani yake hila wala haya. Alikuwa akijitahidi kwa dhati kukumbuka. "Athmani," akasema polepole. "Huyo simjui." Kisha akarudi kwa mwanangu, mkono wake umewekwa hewani kana kwamba kiti kipo. "Mwasemaje, jamaa?"

Mwanangu alinitazama mimi, akamtazama mzee, na kwa adabu niliyomfunza mwenyewe akamjibu, "Ni kweli, babu."