Kifuniko Chenye Ufunguo

Miaka michache baada ya Uhuru, baba alinunua pikapu kuukuu kutoka kwa mzungu aliyekuwa akiuza shamba ili arudi kwao. Tulikaa juu kidogo ya Mweiga, tukilima viazi na kabichi, na kabla ya hapo mizigo yetu ilibebwa na punda. Baba alilitunza gari lile kuliko alivyoutunza mwili wake. Hata kifuniko cha tangi la petroli kilikuwa na siku yake. Jumamosi jioni alikifungua, akakifuta vumbi, akakagua mpira wa ndani. Mpira ulipokauka na petroli ikaanza kuchuruzika kwenye kona, alikata mwingine kutoka kwa tyubu ya baiskeli. Kifuniko kilikuwa na kitundu kidogo mno katikati, na hicho alikizibua kwa sindano. Mzungu ndiye aliyemwonyesha hivyo. Baba hakuuliza ni cha nini.

Dereva wa safari za mbali alikuwa kaka yangu mkubwa. Baba aliendesha kwenda kanisani na sokoni Mweiga, basi. Kaka ndiye aliyeshusha viazi Kagio na kupanda na mchele na nyanya za kuuza huku kwetu. Alikuwa mtu wa maneno machache, asiyependa kubishana, na tabia hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwaka mmoja petroli ikaadimika. Watu walipanga foleni vituoni tangu alfajiri na wengine wakarudi na madebe matupu. Kaka aliegesha gari karibu na soko la Kagio akaenda kula. Aliporudi, petroli ilikuwa imenyonywa kwa mpira na kifuniko kimekwenda nayo. Alifika nyumbani kesho yake, shingo ya tangi imezibwa kwa kitambaa na karatasi ya nailoni.

Baba hakumgombeza. Alikwenda Nyeri mjini kutafuta kifuniko kingine, na mimi nikafuatana naye kwa kuwa nilihitaji viatu vya shule. Mwenye duka la vipuri, Mwislamu wa pale mjini aliyejuana na baba kwa muda mrefu, alitoa kifuniko kinachong'aa chenye tundu la ufunguo.

"Kitaingia," alisema, "lakini hiki si cha gari yako, mzee. Ukingoja kidogo nitakuletea chake."

"Hiki kinafunga?"

"Kinafunga sawasawa."

"Basi sina haja ya kungoja."

Kifuniko kile hakikuwa na kitundu. Leo najua kwamba petroli ikitoka tangini lazima hewa iingie kushika nafasi yake, na hewa ikikosa njia, petroli hukataa kutoka. Safari fupi haionyeshi shida hiyo, na gari likisimama muda mrefu hewa hupenya polepole mpaka likawaka tena. Wakati ule hatukujua. Tuliona tu chuma kizuri ambacho mwizi hangekiweza.

Ufunguo baba alikaa nao mwenyewe. Alijaza tangi Mweiga, akalifunga, ndipo akamkabidhi kaka gari. Kaka alipoomba ufunguo, baba alimwambia petroli ya kwenda na kurudi inatosha, na ufunguo ukipotea Kagio itakuwa hasara juu ya hasara.

Tangu hapo gari likaanza kuzima njiani. Lilikwenda vizuri kwa muda, kisha likakohoa na kunyamaza, mara nyingi kwenye mlima. Kaka alikaa kando ya barabara saa nzima au zaidi, halafu likawaka kana kwamba halikuwa na shida. Fundi wa gereji alisafisha kabureta. Safari iliyofuata likazima. Fundi akabadilisha pampu ya petroli, likazima tena. Baba aliendesha kanisani na kurudi, likaenda bila kukohoa hata mara moja.

Siku moja kaka alifika jioni wakati alitarajiwa asubuhi, nyanya zimepondeka na kuchachuka kwa jua. Baba alikuwa ameketi na wazee wawili wa kanisa.

"Gari hii nikiendesha mimi haizimi," baba alisema mbele yao. "Ukiendesha wewe inazima. Ati inanijua?"

Wazee walicheka kidogo.

"Ulikuwa unakunywa wapi?"

"Sijakunywa, baba."

"Basi ni mwanamke."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. "Mtoto amesema hajakunywa," alisema.

"Sikukuuliza wewe."

Kaka aliingia ndani, akakunja nguo zake. Asubuhi alishika njia ya Ruring'u, karibu na Nyeri mjini, akapata kazi ya kupasua mbao. Mama alikuwa akimpelekea viazi na maziwa kila alipopata nafasi. Baba aliliona kapu likitoka na hakulitaja.

Gari likabaki la kanisani. Baba aliajiri dereva mwingine, naye akazimikiwa mara mbili, akaacha kazi. Hata hapo baba hakusema kwamba pengine alikosea kuhusu kaka. Alisema madereva wa siku hizi wote ni wale wale.

Msimu wa mvua ndefu, tumbo likamkamata mama. Alilala nalo, na asubuhi hakuweza kusimama. Alikuwa ametapika hadi kukatoka maji ya kijani. Baba alileta gari mlangoni. Alikuwa amejaza tangi juzi yake. Tulimweka mama katikati, ameniegemea, tukaanza kuteremka kuelekea Nyeri katika matope.

Tulikuwa tumeipita Mweiga kwa mbali gari lilipokohoa na kuzima. Baba alifungua boneti, akashika waya huku na huku. Hakuna kitu. Alijaribu kuliwasha mpaka betri ikaanza kuchoka. Mama alikuwa akihema kwa midomo iliyokauka. Hakuna gari lililopita.

Mwishowe baba alidhani tumeibiwa petroli. Alizunguka nyuma, nikasikia ufunguo, kisha nikasikia sauti ya upepo, ndefu, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kuzama majini. Alitumbukiza kijiti kupima. Tangi lilikuwa limejaa. Alirudi, akawasha, gari likawaka.

Tulikwenda kipande kingine. Lilipozima tena, baba hakugusa boneti. Alishuka, akafungua kifuniko, ile sauti ikaja tena. Aliporudi hakuwa nacho mkononi. Alikuwa amekitupa majanini, na tangi ameliziba kwa leso yake.

Mama alifungua macho.

"Umeona?" alimwambia. "Kijana hakuwa mlevi."

Tuliingia Nyeri bila kuzima tena, harufu ya petroli imejaa ndani. Hospitalini walisema utumbo umepasuka. Mama alifariki siku hiyo kabla ya jioni. Daktari hakusema kama ule muda tuliopoteza barabarani ungebadilisha kitu, na baba hakumuuliza.

Kaka alikuja mazishini, akachimba kaburi pamoja na vijana wengine, akalala kwa shangazi. Mvua zilipokwisha, baba aliniambia nimsindikize Ruring'u. Kaka alikuwa amepanga chumba kimoja. Mke aliyemwoa huko huko alituandalia chai, akatoka.

"Gari lile," baba alisema, "lilikuwa linakosa hewa. Ni kifuniko."

"Nilisikia."

"Fundi naye hakujua."

Kaka alitazama kikombe chake. "Baba, ungenipa ufunguo. Siku moja tu. Ningefungua, na tungejua."

"Ndiyo," baba alisema.

Nilingoja aseme neno lingine. Kaka naye, nafikiri, alingoja. Tulimaliza chai, tukasindikizwa hadi barabarani, na kaka akarudi kwenye mbao zake.

Hakurudi nyumbani kuishi. Baba aliliuza gari, na viazi vyetu vikaanza kuchukuliwa na madalali waliotoa bei waliyotaka wao. Krismasi kaka huja na watoto. Wanamsalimia guka, babu yao, kwa heshima, wanapokea chai, kisha wanatoka kucheza nje. Baba na kaka hubaki mezani wakizungumza juu ya mvua.