Mchezaji wa Kumi na Mbili

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, wala haikuwa siku kubwa. Haikuwa Idi wala arusi. Ilikuwa Jumamosi ya jua kali, nami nilikuwa nimekwenda uwanjani kumtazama mjukuu wangu Riziki akicheza mpira wa magongo.

Usinicheke. Mpira huo siujui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba wasichana kumi na mmoja wa huku na kumi na mmoja wa kule hupewa magongo yaliyopinda kama bakora, wakaambiwa wagombanie kijipira kigumu kisichofika hata ukubwa wa chungwa, na wazazi wao, badala ya kuwanyang'anya magongo hayo, hukaa pembeni wakipiga vigelegele. Zamani zetu msichana ukimwona na fimbo mkononi, jua anaangua maembe. Lakini dunia huenda, nasi twenda nayo.

Uwanja wenyewe uko huku kwetu Msambweni. Ni uwanja wa jamii, mchanga mwekundu uliosawazishwa, na mikorosho imeuzunguka karibu pande zote. Nilikwenda na mama yangu mzazi, Bi Nimujuma, ambaye wakati huo alikuwa amepita miaka themanini. Hakuja kwa ajili ya mpira. Alikuja kwa sababu alikataa kuachwa nyumbani, na mama yangu akikataa jambo, amekataa.

Kabla sijaendelea yanibidi nikueleze habari ya Saumu, maana bila yeye hutanielewa. Saumu alikuwa mchezaji wa timu hiyo hiyo. Alicheza upande wa kushoto, karibu na mstari, na alikuwa na mbio za ajabu. Wasichana wote wa timu walikuwa kumi na wawili, na Riziki wangu ndiye aliyekuwa akiba, akikaa kwenye benchi kulinda viatu vya wenzake. Kisha Saumu akashikwa na homa, na homa ile haikumpa nafasi. Tukamzika, tukamsomea hitima, mambo yakaisha. Riziki akapewa nafasi yake pale kushoto.

Nasema mambo yakaisha kwa sababu ndivyo tulivyojiambia. Kocha wao, kijana mmoja wa bara aitwaye Wekesa, mtu mwema kabisa, aliwakataza wasichana kumtaja Saumu. "Mama, hawa watoto wako na mashindano mwezi ujao," aliniambia. "Wakianza kulia kila siku, tutapotea." Nasi watu wazima hatukuwa bora kuliko yeye. Mama yake marehemu tulikuwa tukimwita Mama Saumu tangu siku alipojifungua. Baada ya msiba, pole pole, tukaanza kumwita Mama Bakari, kwa jina la mwanawe mwingine, mdogo wa Saumu. Hakuna aliyetutuma. Kila mmoja aliona ni huruma, asimtoneshe mwenzake kidonda. Naye akatuitikia, kwani angefanya nini?

Basi siku hiyo Mama Bakari alikuwapo uwanjani. Alikuja kila mchezo na kuketi mahali pamoja, peke yake, kwenye kona ya kushoto karibu na kibendera. Tulimsalimu kwa mbali, tukaketi kwingine. Ndivyo binadamu tulivyo, huzuni ya mtu twaiogopa kama ukoma.

Timu ya wageni ilikuwa imetoka Waa. Mchezo ukaanza, na kwa muda sikuona lolote ila vumbi na sketi. Upepo ulikuwa umekatika kabisa. Hata majani ya mikorosho hayakutikisika. Kisha mwalimu wa wale wa Waa, mama mmoja mwenye sauti, akaingia uwanjani mikono kiunoni.

"Refa," akasema, "hawa wako kumi na wawili."

Refa akapuliza filimbi, akawapanga watoto wetu kwenye mstari, akawahesabu kwa kidole. Kumi na mmoja. Yule mwalimu akawahesabu mwenyewe. Kumi na mmoja. Akaomba radhi akarudi mahali pake, nasi tukamcheka kidogo, tukasema jua la leo limempata.

Mchezo ukaendelea. Haukupita muda, refa mwenyewe akasimama katikati ya uwanja huku wasichana wakimpita mbio. Nilimwona akinyoosha kidole, midomo ikicheza. Akapuliza filimbi tena. Akawapanga tena. Kumi na mmoja, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Kocha, sitaki mzaha," akasema. "Nikiona tena wamezidi, nitavunja mchezo na mtapoteza pointi."

"Nitoe wapi wa kumi na mbili?" Wekesa akamjibu. "Benchi si hilo hapo? Iko na mtu?"

Benchi lilikuwa tupu. Kila mtu akaligeukia, na kicheko chetu kikaisha.

Wakati wa mapumziko Riziki alikuja kunywa maji. Nikamuuliza kama amechoka. Akanitazama kama mtoto anayeogopa kukemewa.

"Bibi," akasema, "kila mpira ukinipita kuelekea nje, kuna gongo linanirudishia. Nasikia likigonga. Nikigeuka, hakuna mtu."

Mwanangu, nilimwambia anyamaze anywe maji. Kipindi cha pili kilipoanza nilitazama upande wa kushoto tu. Na hapo nikaona. Sitakuambia nimeona mzuka, maana sikuona uso wala sikuona mguu. Niliona kwamba palipokuwa na Riziki palikuwa na wawili. Ukimtafuta huyo wa pili, jicho lako lateleza, lafika kwa Riziki. Ukimwacha Riziki, yule wa pili yupo, anakimbia sambamba naye, hatua kwa hatua. Mchanga ulitimka mahali pawili.

Nikanyoosha kidole. Mmoja, wawili, watatu. Nilipofika wa nane, mama yangu alinipiga mkono kwa fimbo yake, na hakupiga kwa utani.

"Una wajukuu na bado huna akili?" akasema. "Nani alikufunza kuhesabu watoto?"

Nikamwambia ninaona wamezidi.

"Wataachaje kuzidi? Tangu asubuhi mnawanyooshea vidole kama madafu sokoni. Na hesabu ya watu ikizidi, hupunguzwa. Wajua atapunguzwa nani?"

Nilikuwa nikimtazama Riziki, na yule aliyekuwa ubavuni pake.

Hapo nikakumbuka nilipokuwa kigori. Kwetu tulikuwa watoto tele, na sikupata hata siku moja kumsikia mama akituhesabu. Jua likielekea kuchwa alisimama mlangoni akatuita mmoja mmoja, jina na jina la baba, wavulana wakaitika naam na sisi abee. Asiyeitika alikwenda kutafutwa. Siku moja mimi, kwa kujifanya mjuzi wa shule, niliwapanga wadogo zangu barazani nikawahesabu kwa sauti. Kidole hiki hiki mama alikichapa mpaka kikavimba. "Nazi zahesabiwa," akaniambia. "Watu waitwa." Niliona ni ushamba wa wazee. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mengine huyaona ukiwa na mvi.

Mama yangu akainuka. Akaingia uwanjani kwa fimbo yake, katikati ya mchezo, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Magongo yakatulia. Refa akampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akamgeukia Wekesa.

"Mwanangu, hawa waite kwa majina."

Wekesa akaanza. "Namba mbili," akasema. "Namba tano." Alikuwa amewazoea kwa namba za migongoni, maskini, na alipojaribu majina akapata matatu, la nne likamkwama. Mama yangu hakumkaripia. Alitugeukia sisi tulioketi chini ya mikorosho.

"Basi kila mwenye wake na amuite. Kama mwitavyo jua likichwa."

Tukatazamana. Kisha mama mmoja akainuka, akaita, "Mejumaa binti Rashidi!" na binti yake akaitika abee, akatoka uwanjani akaenda kwa mamake. Akaita mwingine, na mwingine. Mimi nikamwita Riziki binti Hamisi, na sauti ilinitoka kama ya mgonjwa. Akaitika, akaja mbio, akanishika kanga. Sikumwachia. Mama mmoja wa Kiduruma akamwita Mbeyu wake, naye akaitika. Hata kipa, mwenye mapedi mazito miguuni, akaitwa akaja akijikokota.

Uwanja ukabaki mtupu. Hakuna aliyebaki wa kuitwa, na bado hakuna aliyeweza kugeuza macho yake kutoka upande ule wa kushoto. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa akisikiliza.

Mama yangu akamwendea yule mwanamke wa kwenye kona. Sisi sote tulimwogopea, na nusura nimzuie. Akamshika bega.

"Nawe muite wako," akamwambia.

Mama Bakari akatikisa kichwa. "Bakari hachezi, bibi. Bakari yuko madrasa."

"Sikusema Bakari."

Mama Bakari akainua uso akamtazama. Kisha akasimama, akajifunga leso yake vizuri kiunoni, akaangalia uwanja ule mwekundu usiokuwa na mtu. Akaita, "Saumu!" Sauti yake ilikuwa ya kila siku tu, ile ya kumwita mtoto aje ale. Akangoja. Akaita tena, jina na jina la baba. Akangoja. Mara ya tatu sauti ilimkatika katikati.

Hakuna aliyeitika abee. Nakuapia, mwanangu, kati ya watu wote wale hakuna aliyekohoa, wala mtoto mchanga aliyelia.

"Hayupo," akasema. "Mwanangu Saumu hayupo. Amekufa."

Tangu siku ya maziko hakuwa amepata kulisema neno hilo, na sisi tulikuwa tumemfungia mlango asiliseme. Akalia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sitajidai kukueleza kilio kile. Wasichana wa timu ndio waliomfikia kwanza. Walimzunguka na magongo yao mikononi, wakawa wanalia na kumtaja, Saumu alivyofanya hivi, Saumu alivyosema vile, na Wekesa amesimama pembeni akijifuta macho kwa ukosi wa fulana. Wale wa Waa nao walikaa chini mchangani wakasubiri. Mwalimu wao ndiye aliyesoma Fatiha, tukaitikia amin.

Baadaye mchezo uliendelea, maana watoto ni watoto. Hakuna aliyehesabu tena. Upepo ulikuwa umerudi, na mikorosho ikawa inafanya kelele yake ya kawaida. Tulifungwa, kama wataka kujua, tena tulifungwa vibaya. Niliporudi na Riziki nyumbani alikuwa kimya njia nzima, nikadhani ni kwa sababu ya kushindwa.

"Bibi," akasema tulipofika mlangoni, "mwisho wa mchezo kila mpira ulionipita ulitoka nje."

Sikujua nifurahi au nilie. Nilimpikia chai.

Sasa nikuambie nililolipata, mwanangu, maana sikukuketisha hapa kwa ajili ya hadithi za kutisha. Maiti aliyezikwa amekwenda kwa Mola wake, na mambo ya ghaibu mjuzi wake ni Mungu. Kama ni macho yetu yaliyotudanganya siku ile, basi yalitudanganya sote pamoja, refa na wageni. Lakini najua hili: mficha maradhi, kilio humuumbua. Tulimfanya mtoto wa watu awe pengo la kuzibwa, tukaita huruma. Tulimvua mwanamke jina lake la umama, tukaita adabu. Aliyefiwa usimkimbie, na usimchagulie la kusahau. Nenda kaketi naye, umtaje marehemu wake kwa jina, ukikumbuka kichekesho chake kitaje. Atalia. Mwache alie, hatavunjika kwa kulia.

Na ukipewa watu kuwaongoza, wawe wanafunzi, wawe wafanyakazi, wawe watoto wako wa kuzaa, wajue kwa majina. Idadi ni ya nazi. Mtu ukimjua kwa idadi tu, siku akitoka utaweka mwingine na hutasikia chochote, na hapo ndipo utakapokuwa umekufa wewe.

Yule mwanamke nilimwona siku chache baadaye kwa muuza samaki. Nikamwita Mama Saumu. Alinigeukia upesi sana, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali, akaniambia, "Abee, dada." Tukasimama pale mpaka samaki wakaingia nzi.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, mwanangu, akupe umri na heshima. Na akujaalie mtu wa kuliita jina lako kamili, ukiwapo, na siku usipokuwapo. Amin.