Mama wa Haneti Hajambo

Kazi yangu ni kugeuza migongo ya watu kuwa herufi na tarakimu. Daktari akisema pingili imesagika, mimi naitafutia namba yake na kuituma kwa kompyuta. Huko kwenye kampuni ya bima kuna mtu anaisoma, halafu anaamua kama mgongo huo unauma au hauumi. Hajawahi kuuona. Mgongo wenyewe umekaa kwenye benchi letu hapa Dodoma, umefungwa khanga, unasubiri kuambiwa unavyojisikia.

Mwaka jana alikuja mama mmoja kutoka Haneti, akitumia bima ya binti yake mwalimu, ambaye alikuwa amemshika mkono. Miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi, wa kushoto anauburuta. Hata hivyo, alipofika mlangoni aliwasalimu wote waliokuwepo, "Mbukwenyi," akasubiri waitikie, ndipo akatafuta pa kukaa. Daktari alimpima akasema wazi kwamba asipofanyiwa upasuaji mapema, hatatembea. Upasuaji ulihitaji kibali cha bima. Nikaweka namba, nikaambatanisha picha za MRI, nikatuma.

Maombi yakakataliwa. Sababu: mgonjwa mwenyewe ameeleza kuwa hajambo.

Nilidhani wamechanganya watu. Nikafungua maelezo ya daktari, na mstari wa kwanza kabisa nikakuta: "Mgonjwa anasema hali yake ni nzuri, anamshukuru Mungu." Daktari wetu ni kijana, na chuoni alifundishwa kuandika maneno ya mgonjwa kama yalivyotoka. Alimuuliza, "Hali yako, mama?" Mama akajibu kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa. Kijana akaandika. Amezaliwa hukuhuku, bibi yake yuko hai na anamsalimia, lakini akishavaa koti jeupe anakuwa mgeni wa nchi.

"Daktari, hiyo ni salamu," nikamwambia.

"Dada, sistimu haina sehemu ya salamu."

Tukamwita mama arudi, barabara ileile, mgongo uleule. Nilimkalisha pembeni. "Shikamoo mama. Leo daktari akikuuliza hali, usiseme nzuri. Anza na maumivu."

"Marahaba." Akanitazama kwa huruma, kama mtoto aliyekosa wa kumfunza. "Sasa mwanangu, niingie kwa watu nianze kulia? Hata msibani tunasalimiana kwanza."

Akaingia. Daktari akamuuliza hali, mama akasema nzuri, akamuuliza na yeye habari za nyumbani kwake, ndipo akaeleza habari za miguu. Daktari aliandika vyote kwa bidii, salamu ikiwa imetangulia. Bima wakakataa tena, kwa sababu ileile. Inaelekea kule wakishasoma mstari wa kwanza wanakwenda kunywa chai.

Hapo nilipandwa na hasira. Nikapiga simu mpaka nikampata mhakiki mwenyewe, yule anayeamua.

"Habari za kazi, kaka?"

"Nzuri tu, dada."

"Hongera. Basi nitamwambia bosi wako mwaka huu huhitaji likizo. Umesema mwenyewe kazi ni nzuri."

Nikasikia kikombe kinawekwa mezani.

"Dada, mimi nafuata kilichoandikwa."

"Picha za mgongo umezifungua?"

Hakuwa amezifungua. Alisema atazifungua. Wanasema asiyejua maana haambiwi maana, lakini huyu nilimwambia, tena kwa sauti iliyowafanya wagonjwa wa benchi la nje wanyooshe migongo bila tiba.

Kibali kilikuja wiki iliyofuata, kikiwa na nasaha kwamba kituo chetu kiboreshe maelezo yake. Daktari akatabasamu. "Unaona? Sistimu inafanya kazi." Nilikuwa natafuta namba ya simu ya yule binti.

"Mwalimu, kibali kimetoka! Mama hajambo?"

"Hajambo," akasema. "Tunamshukuru Mungu."

Nikashusha pumzi. Nilifurahi kweli, nikavuta kalenda nimpangie siku ya upasuaji, na tayari nilikuwa nimeanza kumweleza waje na nini.

Akanisikiliza mpaka nikamaliza. "Ahsante sana, dada," akasema. "Ila tangu Jumapili miguu yote miwili haimsimamishi."