Shimo la Kurukia

Mtu yeyote wa Manika, hapa Kolwezi, atakuambia kwamba Badibanga ni mwalimu wa kozi mbili zisizojuana: jimu, yaani mazoezi ya viungo, asubuhi, misingi ya fizikia mchana. Chuo kile cha ualimu hakikuwa na pesa za kuajiri walimu wawili, basi kikamgawanya yeye. Miaka kumi na tisa hiyo! Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, akafa anakohoa, na Badibanga akaapa kwamba riziki yake yeye haitatoka chini ya ardhi.

Fahari yake ilikuwa uwanja wa nyuma ya chuo. Aliukuta pori tupu, akausafisha kwa mikono yake na ya wanafunzi, akachora njia za mbio kwa chokaa. Mwaka huu inspekta wa wizara alikuwa anakuja mwezi wa sita, na sharti lake lilikuwa moja: pasipo uwanja kamili, sehemu ya jimu inafungwa na wanafunzi wake hawapati diploma. Aliyemtia wasiwasi zaidi ni Darlène, binti kutoka mji wa Lubudi, mkimbiaji wao bora. Alikuwa amebakiza muhula mmoja, na shule ya kwao ilikuwa inamsubiri akafundishe. Kilichokosekana uwanjani ni shimo la kurukia tu, lile la mchanga la kuruka mbali. Wakalichimba, likafika mapajani, mawe wakayarundika kando wakingoja mchanga.

Wiki hiyohiyo fizikia ikafika kwenye somo la uzito wa kitu ukilinganisha na nafasi kinayochukua. Maabara hakuna, usiniulize kwa nini. Badibanga alikuwa na chupa ya plastiki aliyoikata shingo na kuichora mistari kwa wino, pamoja na mizani ya unga ya mke wake, Tshibola. Unapima jiwe, unalizamisha, unaona maji yamepanda kiasi gani, unagawanya. Hata kusoma mstari alikufundisha kijimu: kunja magoti, mgongo wima, jicho liwe sawa na maji. Darasa zima lilichuchumaa likicheka.

Kila mmoja alitakiwa aje na jiwe lake. Guelord, mvivu wa wavivu, aliokota la kwake kwenye rundo la shimo la kurukia. Ya wenzake yalitoa mbili na nusu, mbili na saba. La Guelord likatoa nne na kidogo. Badibanga akamrudisha apime mara tatu. Lilipokataa kubadilika, furaha ya ualimu ikampanda kichwani, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba jiwe zito namna hii lina metali ndani yake, akampa Guelord alama ishirini kwa ishirini. Ee, mtu wa Kolwezi! Mji mwingine lingekuwa somo zuri. Hapa watu huvunja sakafu za vyumba vyao vya kulala, wakitafuta madini, kwa kusikia nusu ya maneno hayo, na yeye, mzaliwa wa hapa, aliyasema mbele ya watu arobaini, chaki mkononi.

Jioni alimsimulia Tshibola huku akijichekea. Mama yule aliacha kukoroga ugali wa bukari.

“Tata Rémy,” akasema, maana alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, “na fasi yenye lilitokea, batu baliisikia?”

Mahali hapo Guelord alikuwa amepataja mwenyewe darasani, kwa kujisifu.

Siku ya tatu yakaonekana mashimo sita uwanjani. Wiki ya pili hayakuhesabika tena. Mkurugenzi wa chuo alipiga kelele asubuhi. Mchana akapatana na wanunuzi wa mawe, eti kwa muda tu. Kwa muda, wapi! Badibanga alisimama kwenye mstari wa chokaa na filimbi mdomoni, akiwafukuza wachimbaji. Walimpita wakimsalimu, “Prof, prof,” wengi wao wanafunzi wake mwenyewe. Kilichomuuma kuliko yote ni adabu yao.

Inspekta alikuja kama alivyosema. Akautazama uwanja, akaandika mstari mmoja, sehemu ya jimu ikafungwa. Kisha akafungua madaftari ya fizikia, akaisifu ile kazi ya mawe, kwamba jimbo zima hajaona kazi safi kama hiyo. Badibanga akashukuru. Angefanya nini?

Jumamosi moja Darlène akaja kwake na jiwe ndani ya kitambaa. Kaka yake Sadrack na wenzake walikuwa wamefungua shimo pale ilipokuwa njia ya tatu ya mbio.

“Unipimie, prof,” akasema. “Kama iko ine, mi nabakia nao, nasafisha mawe ku mto. Kama iko mbili, narudia Lubudi, nitatafuta chuo ingine.”

Badibanga akalipima kwenye mizani, akalizamisha. Ilikuwa nne na moja. Roho ilimuuma. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kudanganya kipimo hata kimoja.

“Mbili na nusu,” akasema. “Rudia kwenu, mutoto. Hili ni jiwe la bure.”

Darlène alikuwa ameuona uzito kwenye mizani. Akasogea mezani, akakunja magoti, mgongo wima, mpaka jicho lake likawa sawa na maji. Midomo yake ikagawanya polepole, bila sauti. Akalitoa jiwe, akalipangusa, akamshukuru kwa heshima zote, akashika njia ya uwanjani, kwa kaka yake.