Masizi ya Mkahawa wa Zamani

Kampuni ilitutoa mafundi wanne kambini Al Quoz, huku Uarabuni, ikatupeleka kukarabati mkahawa mkongwe karibu na khori, mkono wa bahari unaoingia mjini. Msimamizi alisema ni miongoni mwa mikahawa ya mwanzo kabisa ya mji. Wazamia lulu walikuwa wakikaa humo kunywa kahawa kabla ya msimu. Sasa ulitakiwa uhifadhiwe, watu waje kuuona. Mimi nilichaguliwa kwa sababu kazi ya chokaa na mawe ya matumbawe nilifundishwa na baba, Unguja.

Asubuhi ya siku ya tatu alikuja bibi mmoja wa makamo ya mama yake mama yangu. Alinisikia nikimwita mwenzangu kwa Kiswahili, akasimama mlangoni.

"Wewe wa wapi, mwanangu?"

"Shikamoo, bibi. Mie wa Makunduchi."

"Marahaba. Mie nimezaliwa papa hapa, lakini baba yangu katokea huko kwenu."

Nikampindulia ndoo akakaa. Akanieleza kwamba baba yake hakuwa mwenye mkahawa. Alikuwa mkaanga buni. Tangu ujana wake mpaka moshi ulipomharibu macho, alisimama kwenye jiko la nyuma. Ukuta wa jiko lile ulikuwa mweusi tititi, toka sakafuni hadi kwenye boriti.

"Masizi yale ni yake," alisema. "Picha hakupigwa hata moja. Ukuta huo tu muuwache."

Nikamjibu, "Inshallah, bibi." Pale kazini neno hilo tulilitumia hata kwa jambo tusilokuwa na uwezo nalo.

Akawa anakuja kila siku, na tende za kunipa. Alinionyesha mahali palipokaa mabirika, na pembe ambapo yeye, alipokuwa mtoto, alikuwa akipewa tende. Nilimwomba msimamizi auache ukuta wa jiko. Akaenda kuuliza, akarudi na michoro mkononi.

"Kuta zote nyeupe. Khalas. Piga lipu."

Ningeweza kukataa. Lakini viza yangu ilikuwa mikononi mwa kafeel, mwajiri aliyenidhamini, na nyumbani nilikuwa na mama mgonjwa. Nikachukua mwiko. Nilianzia chini, nikapandisha, na kufika adhuhuri hapakuwa na jeusi hata chembe.

Bibi alikuja lipu ikiwa bado mbichi. Aliweka kiganja ukutani, akakitoa kikiwa cheupe. Nilingoja anitukane.

"Kazi yako nzuri, mwanangu. Mkono wako safi," aliniambia, akaenda zake. Afadhali angenitukana. Hakurudi tena.

Mkahawa ulipofunguliwa, nilikwenda Ijumaa, siku yangu ya mapumziko. Fundi cherehani wa duka la jirani aliniambia bibi yule alikuwa amekwisha kuzikwa. Ndani waliweka mabirika ya shaba na kibao cha historia. Kibao kilimtaja mwenye mkahawa, kikawataja wazamia lulu na wafanyabiashara. Mkaanga buni hakuwemo.

Mlinzi, kijana wa Kiganda, aliniona nimesimama muda mrefu mbele ya ukuta wa jiko. Nikamsimulia yote.

"Pole sana, kaka," alisema. "Huyo mzee alikuwa anaitwa nani? Wageni wakija, mimi nitawaambia."

Nikafungua kinywa nimjibu. Majuma yale yote nilikaa na binti yake, nikala tende zake, na sikuwahi kumuuliza.