Mgeni Aliyetaka Habari za Kwao

Sina sababu ya kuwadanganya. Umri wangu ni wa mtu anayejiandaa kusimama mbele ya Mola wake, na mjukuu wangu Mwanaidi ni shahidi. Jambo hili lilitokea barazani kwangu, hapa Sindeni, tulipomaliza swala ya Isha.

Mwanaidi anasoma elimu ya nyota chuo kikuu. Likizo ile alikuja na kompyuta yake akanionyesha galaksi, makundi makubwa ya nyota yaliyojiviringa kama kata ya kubebea ndoo. Alhamdulillahi, nilifurahi kama mtoto! Kazi yake ni kuutenganisha mwanga wa galaksi katika rangi zake, na rangi hizo humwambia mna oksijeni kiasi gani na chuma kiasi gani, kuanzia katikati hadi pembeni.

Mara tukasikia hodi. Akaingia kijana, sura ya miaka ishirini hivi. Nikangoja anipe shikamoo. Hakuitoa. Niaminini, alikuwa akingoja yangu!

Akaketi karibu na jiko tulilokuwa tukichomea mahindi, akaokota kaa jekundu na kulishika kiganjani kama mtu anayepoza hindi. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilisoma Ayatul Kursi. Akasikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Umesoma vizuri, mwanangu," akasema.

Kisha akamwonyesha Mwanaidi kwa kidole picha ya galaksi iliyokuwa kwenye kompyuta. "Hapo ndipo kwetu. Nimeuliza kutoka Kerenge hadi Kwedizinga, hakuna mwenye habari. Wewe umepaona. Nikikosa na kwako, sina pa kuuliza tena. Hawajambo?"

Nikamnong'oneza mjukuu wangu, "Mwambie wote wazima, aende zake."

"Babu, nitasemaje nisichokiona?" Akamgeukia mgeni. "Watu sijawaona. Ninachojua, katikati kuna oksijeni na chuma tele. Ukienda pembeni vinapungua. Pembeni kabisa ni haba sana."

Mgeni akainama, mabega yakimtikisika. Nikamvuta mtoto nyuma yangu. Nilijua tumekwisha.

Kumbe anacheka! "Pembeni hasa ndipo kwetu! Hata chuma cha jembe tulikuwa tunaazima kwa watu wa katikati, na masimango juu!"

"Lakini habari zangu ni za zamani," Mwanaidi akasema. Hakutaka kumficha. "Mwanga huu uliondoka huko mamilioni ya miaka iliyopita."

Mgeni akaisogelea picha, uso ukamng'aa. "Basi tulitoka siku moja, mimi na mwanga huu. Mama yangu yumo humo, bado ananipungia mkono."

Hapo nikasimama, mzee mzima, nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba." Akarudisha kaa jikoni, akamwombea Mwanaidi dua, akatoka. Alipofika kwenye mihogo hatukumwona tena, ila kicheko chake tulikisikia kikipanda juu, juu, mpaka kikaisha.

Tangu siku ile mbingu naitazama kama mtu anavyotazama kijiji cha jirani. Mwanaidi akipima pembeni ya galaksi hupima kwa uangalifu, maana anajua kuna anayeulizia. Jamaa wa Korogwe hunitania, "Mzee, wageni wako wa angani hawajambo?" Nawajibu hawajambo, tunacheka wote.

Lakini nawe sikia. Mgeni akikuuliza habari za kwao, usimfukuze, wala usimpambie ili umfurahishe. Mwambie ulichokiona, na usichokiona sema hukukiona. Hujui ametembea tangu lini akimtafuta mama yake.