Mguu Uliochorwa kwa Simu

Siku yangu ya kwanza katika utafiti wa maumivu, Docteur, mkuu wa huduma yetu ya uzazi hospitalini Bukavu, aliniamuru nilale sakafuni. Nilikuwa nimeuguza watu miaka mingi, lakini kazi ya kulala sikuwahi kupewa. Akatandika karatasi kubwa, nikajilaza juu yake, akanizungushia kalamu toka kichwani hadi miguuni. Hiyo tuliita ramani ya mwili: mgonjwa anatia rangi panapouma, na rangi inasema yale ambayo mdomo unaona haya kuyasema. Mama mmoja aliyepita koridoni aliniona nimenyooka pale chini, akafanya ishara ya msalaba.

Kisha ukaja ule ugonjwa wa barakoa. Wagonjwa wa utafiti wakakatazwa kuja.

"Tutafanya kwa telefone," akasema Docteur.

"Docteur, watalala kwenye telefone?"

"Utajua wewe, Maman Infirmière. Muuguzi ni wewe."

Nilianza na Maman Nsimire wa Mudaka, nje ya mji, aliyejifungua kwa upasuaji wiki moja kabla. Simu yake ilikuwa ya vitufe, haipigi picha, na karatasi hakuwa nayo. Nikamwambia achukue kaa la jikoni, ajichore ukutani na kunieleza, nami nichore ninachosikia.

"Kichwa iko kidogo," akasema. "Tumbo iko kawaida. Muguu ya kushoto, ukuta imeisha."

"Imeisha namna gani?"

"Muguu iko munene, haienee. Nimefika ku mulango. Na bwana yangu anauliza nani atapaka nyumba rangi."

Docteur alipouona mchoro wangu alicheka hadi akavua miwani. "Hii ni mutu ao tembo?"

Nikamsomea maneno ya mama. Akaacha kucheka. Mguu mmoja kuvimba baada ya upasuaji huweza kuwa damu iliyoganda mshipani, na ikipanda mapafuni inaua.

"Jana ku telefone aliniambia iko muzuri," akasema polepole. "Mwambie asitembee. Tuma gari."

Ilikuwa damu iliyoganda kweli. Alilazwa, akapewa dawa, akapona. Siku alipoweza kuketi nilimwonyesha mchoro. Akaweka kidole usoni pa mchoro.

"Maman, mimi sina pua ya hivi."

Sasa nimestaafu, naishi Bagira. Vijana wa huduma hunipigia wakitaka niwape fomu ya maswali ya utafiti ule. Fomu sina. Nawaambia tu: mtu akichora mguu mkubwa mno, usimwulize kwa nini ameuchora hivyo. Mwulize umevimba tangu lini.